Deni kwa Asiyekuja Zahanati

Siku ya kliniki ya watoto katika zahanati ya kijijini ina sura moja karibu Tanzania nzima. Mizani imening'inizwa kwenye boriti la baraza au tawi la mwembe, mama mmoja anamvalisha mwanawe kile kikaptula cha kupimia huku mtoto analia, wengine wanasubiri kwenye benchi au chini juu ya kanga, na kadi zao zimepangwa mezani kwa kufuata aliyetangulia kufika. Muuguzi anapima, anachanja, anaandika kwenye kadi, anaandika tena kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za huduma. Foleni ikiisha anafunga boksi la chanjo, na kazi ya siku imekwisha. Hakuna atakayemlaumu, maana kila aliyekuja amehudumiwa. Swali linaloanzia hapo ni la kimaadili kabla halijawa la kitaaluma: je, muuguzi huyu ana deni lolote kwa mama aliyebaki nyumbani, ambaye hakumwomba chochote, na pengine hata jina lake halijui? Nasema analo. Tena nasema maandalizi ya muuguzi wa vijijini yajengwe juu ya deni hilo, badala ya kuligusia katika somo moja la afya ya jamii na kupita.

Maadili ya tiba tuliyorithi yanamwangalia mtu aliyeko mbele ya macho. Mgonjwa amelala kitandani, analalamika, anaguswa, anajibiwa. Hata mfano wa Msamaria Mwema katika Injili ya Luka, ambao haukosi kutajwa pale mtu anapouelezea uuguzi kama wito, una nguvu kwa sababu ya kule kukutana: mtu mmoja anamkuta mwingine ameumizwa kando ya njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, na huruma inamwambia la kufanya. Kuhani na Mlawi wanahukumiwa kwa sababu walimwona wakapita. Lakini majeruhi yule alikuwa na bahati moja ambayo hatuisemi: alianguka njiani. Lau wanyang'anyi wangemtupa bondeni, nyuma ya kilima, Msamaria angepita na huruma yake yote na mafuta yake na divai yake, akafika nyumba ya wageni akalala fofofo. Mfano hausemi lolote juu ya huyo wa bondeni, wala haukukusudiwa kumsemea. Kazi ya afya ya jamii inaanza kwake.

Anayedhani hili ni zoezi la kichwani tu atazame mahali vifo vinapoanzia. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba mama anayekufa kwa uzazi mara nyingi amepitia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Wa kwanza unatokea nyumbani, wa pili barabarani. Muuguzi aliyefundwa kusubiri kituoni ana uwezo juu ya ule wa tatu peke yake. Tanzania imejitahidi kukisogeza kituo karibu; Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulioanza 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na matunda yake yanaonekana. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, asilimia 63 ya vizazi vilitokea vituoni. Katika ule wa 2022 ilikuwa asilimia 81, na makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hapo lazima mtu avue kofia. Lakini vifo vya watoto wachanga katika siku 28 za kwanza vilitoka 25 kwa kila vizazi hai 1,000 vikafika 24, yaani ni kama havikusogea. Sababu ni nyingi, na baadhi zimo ndani ya wodi zenyewe. Mojawapo ni kwamba mama huruhusiwa mapema, na mtoto anazimaliza siku zake za hatari nyumbani, pahali ambapo aliyemzalisha mama yake hajawahi kukanyaga. Na ile asilimia 19 iliyojifungulia nje ya kituo haikusambaa sawasawa nchini. Imejazana kwenye vitongoji vya mbali, kwenye kaya maskini, ng'ambo ya mito inayofurika masika.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote hautoki wodini wala maabara. Miaka ya 1990 katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini uliendeshwa mradi uliojulikana kwa kifupi chake, TEHIP. Wilaya zilikuwa zikipanga bajeti kwa mazoea na kwa kutazama waliofika vituoni, lakini watu wengi walikuwa wakifia nyumbani, na kifo cha nyumbani hakiingii kwenye kitabu cha zahanati. Basi wahesabuji wakaenda mlango kwa mlango, kaya kwa kaya, wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki, na alianza kuumwa vipi. Majibu yalipowekwa kando ya bajeti, aibu ilionekana waziwazi: malaria, iliyokuwa ikila sehemu kubwa ya miaka ya uhai iliyopotea, ilikuwa ikipewa fungu dogo mno. Timu za afya za wilaya zikapewa nyongeza ndogo ya fedha kwa kila kichwa na zana za kupanga upya, na katika miaka michache iliyofuata vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vikashuka kwa takriban asilimia 40. Mambo mengine yalichangia pia, hilo halina ubishi. Lakini mabadiliko yalianza siku wilaya ilipowajua watu wake ambao hawakuwahi kufika kwenye foleni yake.

Tudor Hart aliliona jambo hilohilo kutoka upande mwingine wa dunia. Alikuwa daktari wa kijiji cha wachimba makaa huko Wales, na mwaka 1971 aliandika kwamba huduma nzuri huelekea kupatikana kinyume cha mahitaji: wenye shida kubwa hupata kidogo, wenye shida ndogo hupata tele. Sentensi hiyo ndiyo iliyompa jina, ila mimi navutiwa zaidi na alichokifanya kijijini kwake Glyncorrwg. Alipima shinikizo la damu la watu wazima wote wa eneo lake, siyo la waliokuja na maumivu ya kichwa tu, na waliobaki aliwafuata mmoja mmoja kwa miaka. Matokeo ya miaka 25 yalipochapishwa mwaka 1991, vifo vya mapema vilikuwa vichache kuliko katika kijiji jirani kilichofanana nacho kwa umaskini. Dawa zake zilikuwa zilezile za madaktari wenzake. Tofauti ilikuwa orodha.

Hapa ndipo falsafa inapoingia, maana orodha si karatasi tu. Kuna udhuru ambao kila mtu anauelewa: sikujua. Siwezi kulaumiwa kwa kutomsaidia nisiyejua kama yupo. Thomas Aquinas aliuchunguza udhuru huu katika karne ya 13 akaugawa: kuna kutojua kusiko na lawama, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwezekana kujulikana, na kuna kutojua ambako kwenyewe ni kosa, kwa kuwa mtu alipaswa kujua, aliweza kujua, asijishughulishe. Kutokujua kwa muuguzi wa kijiji ni kwa aina gani? Miaka 200 iliyopita kungekuwa kwa aina ya kwanza. Leo kijiji kina serikali yake, mabalozi, rejesta ya wakazi, na wahudumu wa afya ya jamii wanaojua mjamzito wa kila kitongoji. Na bado wilaya hukadiria idadi ya watoto wa kuchanjwa kwa kukokotoa kutoka kwenye sensa, na ndiyo sababu mara nyingine taarifa husoma kwamba kijiji kimechanja zaidi ya asilimia mia moja ya watoto wake. Mtu akiiona takwimu ya namna hiyo angepaswa kuweka kalamu chini. Inasema kwamba hatujui ni wangapi, na ndani ya asilimia hizo mia na ushei anaweza kufichika mtoto ambaye hajagusa sindano hata moja. Muuguzi aliyefundwa kujaza kitabu anafurahi. Aliyefundwa kukisoma anapata wasiwasi. Wasiwasi huo ndio ninaouita dhamiri ya kazi hii, na unafundishika. Hauletwi na moyo mwema peke yake. Mtu mwenye huruma nyingi asiyejua kusoma safu ya idadi yake atawahurumia wanaomfikia tu.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wauguzi wenyewe, na wana haki ya kuwa wa kwanza kusema. Zahanati ina watumishi wawili au watatu. Mmoja yuko likizo ya uzazi, mwingine kaitwa semina wilayani. Anayebaki anazalisha usiku, anachanja asubuhi, anaandika taarifa jioni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa nchi inahitaji takriban madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000 ili kuyafikia malengo ya maendeleo endelevu, na vijiji vyetu viko chini mno ya hapo. Kumwambia mtu huyu kwamba ana deni pia kwa wasiokuja ni kumtwisha mzigo ambao haumaliziki, na deni lisilolipika mwisho wake hulifanya deni lolote lipuuzwe. Hoja hii ina uzito. Kuijibu kwa kumkumbusha wito wake ni dhuluma, na dhuluma hiyo tumeizoea: neno wito limetumika mara nyingi kufidia nyumba ya mtumishi isiyojengwa na posho ya mazingira magumu isiyolipwa.

Jibu bora limo katika fikra ambayo Waswahili wa pwani wameishi nayo kwa karne nyingi. Sheria ya Kiislamu inatenganisha faradhi ya kila mtu peke yake, kama swala tano, na faradhi kifaya, ambayo iko juu ya jamii nzima: wakiitimiza wachache wengine wamesalimika, wasipoitimiza wote wana dhambi. Kumwosha na kumswalia maiti ni mfano ambao kila mtoto wa madrasa anaujua. Mwanazuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiweka tiba katika kundi hilo, na katika Ihyaa Ulumuddin alilalamika kwa ukali kwamba iko miji mingi isiyo na tabibu Mwislamu hata mmoja, ilhali wasomi wanasongamana kwenye fiqhi kwa kuwa ndiyo yenye vyeo, wasia na mali ya kusimamia. Badilisha majina ya fani na lalamiko hilo linasomeka bila shida katika kikao chochote cha leo kinachojadili kwa nini wauguzi wamejaa mjini. Sasa tazama namna faradhi hii inavyohesabu. Muuguzi anayemfuata asiyekuja anatekeleza wajibu wa watu wote, kwa niaba yao. Akishindwa kwa sababu pikipiki haina mafuta, hakukosa yeye peke yake; limekosa baraza la kijiji lililojua, imekosa halmashauri iliyolikata fungu, tumekosa sisi tunaolala salama. Deni haliongezeki, linagawanyika. Na kwake yeye lina mipaka: eneo la zahanati yake, vitongoji vyenye majina, kaya zinazohesabika. Hadaiwi dunia nzima. Anachodaiwa ni kujua ni nani hakufika, kuchagua wa kuanza naye kwa hatari aliyomo, na kuwaambia wenye deni wenzake kilichobaki. Hilo la mwisho, la kumkabili mwenyekiti wa kijiji au mganga mkuu wa wilaya na kumwonyesha kwa hesabu kwamba anadaiwa, linahitaji mafunzo kama kushona jeraha kunavyohitaji mafunzo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na husikika mara chache kutoka kwa watu wa afya. Nani kakuambia uje kwangu? Asiyeomba msaada pengine hautaki. Huenda ameshauriana na mkunga wa jadi anayemwamini, huenda alitukanwa leba mara ya mwisho kwa kukosa glavu, pamba na kanga za kutosha, akaapa kutorudi. Mamlaka kuwafuata watu majumbani kwa ajili ya manufaa yao wenyewe ni jambo lenye historia hapa nchini. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, wote wawe wamehamia ifikapo mwisho wa 1976, na huduma za afya, maji na shule zilikuwa miongoni mwa hoja kuu. Kwa wengi kilichofika kwanza kilikuwa lori na amri, na kuna waliochomewa nyumba ili wasirudi. Hata siku hizi zipo sheria ndogo za vijiji zinazomtoza faini mama aliyejifungulia nyumbani. Faini hiyo inaongeza idadi ya wanaokuja, kweli, lakini inamfanya aliyeshindwa kuja awe na sababu mpya ya kujificha, na mtoto wake anakosa kadi kwa sababu mama anaogopa kuulizwa alizalia wapi.

Naikubali historia hiyo yote, na bado naona kwamba kumfuata mtu kwa amri na kumfuata kwa kuuliza ni matendo mawili. Anayeagiza anakuja na jibu. Anayeuliza lazima kwanza apige hodi na kusubiri, aitikiwe karibu, akae kwenye kigoda alichopewa hata kama kimekaa vibaya, amwamkie bibi mwenye nyumba shikamoo kabla hajamgeukia mkwe wake mwenye mimba, maana anayeamua safari ya kwenda hospitali mara nyingi ni yule bibi, au mume aliyeko shamba. Aulize shamba, aulize mvua, kisha aulize kliniki, na akijibiwa kwamba siku ile muuguzi mmoja alimfokea mama mbele ya watu, asianze kuwatetea wenzake. Aandike. Haki ya mtu kukataa inabaki palepale, isipokuwa pale ugonjwa wake, kama kifua kikuu, unapowahatarisha wengine, na hata hapo ushawishi huja kabla ya nguvu. Ila kukataa kuna maana pale tu mtu alipopewa cha kukataa. Mama ambaye hakufikiwa kabisa hakutumia uhuru wake. Amesahauliwa, na kumwacha peke yake kwa jina la kuheshimu uamuzi wake ni adabu isiyotugharimu kitu. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, mwaka uleule wa amri ya vijiji, takriban watu milioni mbili walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakajadili malaria na kichocho na vyoo, kisha wakachimba vyoo vyao kwa mikono yao. Nchi ileile, serikali ileile, njia mbili. Muuguzi mwanafunzi azisome zote mbili na ajue ni ipi anayoibeba anapovuka uga wa mtu.

Litakuja pia pingamizi la kiutendaji: hiyo ni kazi ya wahudumu wa afya ya jamii, na mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha kwa maelfu mengi. Ni habari njema. Lakini mhudumu anapoleta zahanati habari kwamba kaya fulani ina mjamzito wa tatu mfululizo aliyepoteza mtoto, ni lazima pawe na mtu wa kuipokea habari hiyo kama habari, ajue ina uzito gani, na aondoke kitini. Asiyewahi kutembea vitongojini atamsimamia mhudumu kwa kuhesabu fomu.

Kuhusu nani aandaliwe, Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 lilipendekeza kuchukua wanafunzi waliokulia vijijini, kujenga vyuo nje ya miji mikuu, na kuwapeleka wanafunzi wa fani mbalimbali za afya mazoezini vijijini. Aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki huko. Wengine wataona hapo dhuluma: mtoto wa mkulima asomeshwe ili arudishwe kwenye giza alilotoka, wakati wa mjini anabaki na taa zake. Ingekuwa dhuluma kama angefungwa huko. Kumpa nafasi ya chuo ambayo asingeipata, na kumwandaa kwa mahali anapopajua vizuri kuliko mwalimu wake, si kumfunga. Kumfunga ni kumpeleka bila nyumba, bila kumpandisha daraja, bila tarehe ya kuhama, kisha kumsifu kwa uvumilivu.

Linabaki suala la mtihani, na wanafunzi husoma kinachotahiniwa. Mazoezi mengi ya uuguzi hufanyika wodini, na mwanafunzi hupimwa kwa anachomfanyia mgonjwa aliyelala mbele yake, ambayo ni haki kabisa. Ningeongeza swali moja. Mwanafunzi apewe rejesta ya kliniki ya mwezi mzima na orodha ya kaya za kitongoji kimoja, aulizwe ni akina nani hawamo, anadhani kwa nini hawamo, na Jumatatu asubuhi ataanza na nani. Watahini watasema swali hilo halina jibu moja la kusahihishia. Ni kweli, lakini lina majibu mabaya yanayotambulika upesi: la anayewataja wote bila kuchagua, la anayeanza na kaya iliyo karibu na barabara, la anayeandika kwamba wapelekewe barua ya kuitwa. Chuo kinachotaka kuliuliza swali hilo kwa uaminifu kitahitaji kijiji cha mazoezi, nyumba ya wanafunzi huko, na mwalimu atakayekubali kulala nao majuma manane ya masika, wakati njia zimekatika na wasiokuja ni wengi kuliko wakati wote.